Kazi ya Mungu haina makosa? Tuitazame damu

Mtaalamu wa maabara anatoboa kidole cha mtoto, anachukua tone la damu, analiweka kwenye slaidi na kulichanganya na tone la sodiamu metabaisalfaiti ya asilimia 2. Analifunika kwa kioo chembamba, kisha anaziba kingo zote kwa vaselini. Kazi ya dawa ile ni kuinyang'anya damu oksijeni. Nusu saa ikipita anainamia hadubini. Seli zilizokuwa za mviringo zimerefuka, zimepinda, zimechongoka huku na huku.

Anaandika kwenye kadi: chanya.

Kipimo hiki cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni cha bei nafuu na kina vituko vyake. Dawa haitengenezwi leo ikatumika wiki ijayo. Ni gramu 0.2 ndani ya mililita 10 za maji, siku hiyohiyo, kwani ikilala inachuja na seli za mgonjwa zitabaki mviringo. Kingo zisipozibwa vizuri, hewa inapenya na majibu yanadanganya. Mtoto wa chini ya miezi sita anaweza kuonekana hana ilhali anao. Sababu yake nitaifikia, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Na hata yote yakifanyika sawasawa, kuna jambo slaidi hii haiwezi kusema. Haimtofautishi mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu na mtoto aliyebeba kinasaba kimoja tu. Wa kwanza ataishi na maumivu. Wa pili si mgonjwa, tena malaria kali humpitia mbali. Kuwatenganisha kunahitaji elektroforesisi au kipimo kingine cha kuzichambua hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu.

Mtoto wa kwanza akifariki, msibani tutasema tulichozoea kusema: kazi ya Mungu haina makosa.

Sentensi hiyo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Huenda ni ya kweli, ila ni dai zito kuliko tunavyolitamka, na wapo waliolibishania kwa ukali karne nyingi kabla yetu. Je, Muweza wa yote angeweza kuumba ulimwengu bora kuliko huu? Mjadala wa nyota na matetemeko ya ardhi nawaachia wengine. Nimeona heri niulizie kitu kinachopimika.

## Nafasi ya sita

Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne ya protini, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146. Katika nafasi ya sita, kwa kawaida, pana asidi glutamiki. Kwenye hemoglobini ya selimundu, iitwayo S, pana valini. Mahali maelekezo ya kinasaba yanaposomeka GAG kwa wengine, hapa yanasomeka GTG.

Herufi moja.

Asidi glutamiki inapenda maji, valini inayakimbia. Hemoglobini S ikishaachia oksijeni yake, valini ile hukuta kishimo kwenye hemoglobini ya jirani na kujipachika humo. Jirani naye anapachikwa kwa mwingine, na huyo kwa mwingine, hadi inatokea kamba ndefu ngumu inayousukuma utando wa seli kwa ndani. Seli ikishapinda inakwama kwenye mishipa midogo. Mfupa unakosa damu, na hapo ndipo yanapotoka yale maumivu yanayomlaza mtoto hospitalini. Bandama inazibwa, inazibuka, inazibwa tena, mwisho inakufa. Na mtoto asiye na bandama anaweza kuuawa na bakteria wa nimonia ndani ya saa chache. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120. Hii huishi kati ya siku 10 na 20.

Ili augue hivyo, mtoto anahitaji kinasaba S kutoka kwa baba na S kutoka kwa mama. Akipata kimoja tu, na kingine kikiwa cha kawaida, A, anakuwa AS, mbebaji. Mwaka 1949 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba wabebaji walikuwa wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na karibu hawakuwepo kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 akachapisha maelezo yake: ni malaria. Tafiti zilizofanywa baadaye Kilifi zilikuta kwamba AS inakinga dhidi ya malaria kali kwa karibu asilimia 90.

Sasa piga hesabu. Chukua mji ambao S ni asilimia 10 ya vinasaba vyote vya nafasi hiyo. Zidisha 0.9 kwa 0.9: katika watoto 100, 81 wanazaliwa AA. Zidisha 0.9 kwa 0.1, kisha mara mbili: 18 ni AS. Zidisha 0.1 kwa 0.1: mmoja ni SS.

Kumi na wanane wanakingwa, mmoja anaumwa.

## Hoja ya bei

Kwa anayetaka kumtetea Muumba, sijui mfano mzuri kuliko huu. Kinachoonekana kosa kina kazi. Ukiondoa S, unamponya mmoja na kuwaacha kumi na wanane mbele ya mbu. Hekima, basi, iko kwenye jumla yake.

Imam Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake cha Ihyaa kwamba katika yanayowezekana hakuna kilicho kizuri zaidi kuliko kilichopo. Hoja yake ni fupi na kali. Kama kingekuwepo kilicho bora, Mungu anakiweza, naye akakizuia, huo ungekuwa ubahili, na Yeye ni Karimu. Kama hakukiweza, huo ungekuwa udhaifu, na Yeye ni Muweza. Miaka 600 baadaye Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani, alifika karibu na hapohapo kwa njia yake: Mungu alizitazama dunia zote zinazowezekana akachagua iliyo bora. Maandishi yake yalitoka mwaka 1710. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko likaipiga Lisbon, Ureno, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa kanisani, na tangu siku hiyo Ulaya haikuitamka hoja ile bila mtu kukohoa.

Mimi tetemeko halinisumbui sana. Ardhi isiyotikisika kabisa pengine ni ardhi iliyokufa. Kinachonisumbua ni hili neno "bei".

Anayesema S ni bei ya kinga anamchora Mungu kama fundi cherehani aliyeletewa kitambaa pungufu: ili kola ipatikane, mkono mmoja lazima uwe mfupi. Fundi wa namna hiyo tunamsifu, kwa sababu upungufu si wake. Lakini Muumba amekifuma kitambaa mwenyewe. Mbu ni wake, kimelea kilicho tumboni mwa mbu ni chake, na damu inayotakiwa kukingwa ni yake. Huwezi kumsifu kwa kuwa muweza wa yote na papo hapo ukamwombea radhi kwamba hakuwa na namna.

## Ndugu watatu

Kuna la pili: bei inalipwa na nani?

Mtoto wa SS halipii kinga yake. Malaria ikimpata, upungufu wa damu unaweza kumuua upesi kuliko wenzake. Analipia kinga ya watoto wengine kumi na wanane, ambao wengi wao hatawajua, na hakuulizwa.

Inasimuliwa kwamba Abul-Hasan al-Ash'ari, mtu ambaye itikadi yake inasomeshwa hadi leo kwenye madrasa nyingi za Kishafi za mwambao wetu, alimwekea mwalimu wake al-Jubbai wa Basra kisa cha ndugu watatu. Mmoja alikufa mtu mzima na mcha Mungu, wa pili akafa mtu mzima na kafiri, wa tatu akafa mdogo. Mwalimu alikuwa wa Mu'tazila, waliofundisha kwamba Mungu humtendea mja lililo la maslahi zaidi kwake. Yule mdogo akiuliza kwa nini hakuachwa akue apate daraja ya kaka yake, atajibiwaje? Mwalimu akasema: ataambiwa kwamba Mungu alijua angekua akaasi, hivyo kufa mapema kulikuwa maslahi yake. Basi, akasema al-Ash'ari, yule kafiri atapaza sauti kutoka motoni: mbona mimi hukuniua nikiwa mdogo?

Mwalimu, kwa masimulizi hayo, hakupata jibu.

Kinachonivutia ni alikofikia al-Ash'ari baada ya hapo. Hakusema Mungu si mwema. Alisema Mungu hana deni la kumtendea yeyote lililo bora, maana hakuna aliye juu yake wa kumdai. Hilo ni jibu gumu, lakini lina uaminifu: halijifanyi kujua kwamba hesabu ya kila mtoto inafunga vizuri. Na ndiyo maana maneno ya Ghazali, aliyekuwa mfuasi wa itikadi ya al-Ash'ari, yaliwashtua wenzake. Katika karne ya 15 mwanachuoni al-Biqa'i aliyashambulia akisema yanauwekea mpaka uwezo wa Mungu. Mwanachuoni mwenzake, al-Suyuti, akatoka kumtetea Ghazali. Baadhi ya watetezi walisema maana yake ni kwamba elimu na matakwa ya Mungu vimekwishapitisha hivi, kwa hiyo hakuna kingine kitakachokuwa. Kwa maoni yangu utetezi huo unaiokoa sentensi kwa kuitoa utumbo. Kama "bora" ni jina tu la kilichopita, basi hatujaambiwa lolote juu ya ubora.

Mashaka yangu hadi hapa ni ya mezani. Mwenye hoja ya bei bado anaweza kusema: huenda damu yenye kinga isiyo na ugonjwa haiwezekani kabisa, kama pembetatu yenye pembe nne, na kutoumba lisilowezekana si udhaifu. Hilo lingekuwa jibu zuri.

Tatizo ni kwamba damu hiyo ipo.

## Herufi ya pembeni

Nenda Burkina Faso na kaskazini mwa Ghana. Huko kuna hemoglobini nyingine, C. Nafasi ni ileile ya sita. Mahali pa GAG panasomeka AAG: imebadilika herufi ya kwanza badala ya ya pili, na badala ya valini inakaa laisini. Laisini haijipachiki kwa jirani, kwa hiyo ile kamba haijengeki.

Mwaka 2001 watafiti waliofanya kazi miongoni mwa Wamosi wa Burkina Faso, kwa sampuli za watu zaidi ya 4,000, walitangaza kwamba mwenye CC alikuwa na upungufu wa asilimia 93 katika hatari ya kuugua malaria, na mwenye AC asilimia 29. Na CC si ugonjwa wa kutisha. Mwenye nayo ana upungufu mdogo wa damu, bandama yake inaweza kuvimba kiasi, na wengi huishi maisha ya kawaida. Haina doa? La. C ikikutana na S ndani ya mtu mmoja, huo ni ugonjwa wa kweli. Lakini doa hilo limeletwa na S.

Basi kinga ya malaria ingeweza kupatikana kwa kugusa herufi ya pembeni. Watafiti walewale walikadiria kwamba bila malaria kudhibitiwa, baada ya muda mrefu C ingechukua nafasi ya S katika sehemu ya kati ya Afrika Magharibi. Yaani maumbile yenyewe yangeelekea kwenye kilicho bora, ila kwa mwendo wa vizazi, na kila hatua ikiwa imejaa makaburi ya watoto.

Mwenye S wa Uganda magharibi, ambako vipimo vya miaka ya 1940 na 1950 vilikuta wabebaji wakikaribia asilimia 40 miongoni mwa Baamba, hakubahatika na herufi ile. Ilitokea mbali naye.

## Swichi

Sasa nirudi kwa yule mtoto wa chini ya miezi sita anayekidanganya kipimo.

Tumboni mwa mama, mtoto hatumii mnyororo wa beta bali wa gama. Hemoglobini hiyo, F, inaishika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama, ndivyo inavyoweza kumnyang'anya kupitia kondo. Mnyororo wa gama hauna ile valini, na popote F inapokuwa nyingi, kamba za S hukatika kabla hazijarefuka. Mtoto wa SS anazaliwa mzima. Damu yake ina ugonjwa na dawa ya ugonjwa kwa wakati mmoja.

Kisha mwili unaizima F.

Protini moja iitwayo BCL11A ina sehemu kubwa katika kazi hiyo. Gama inashuka, beta inapanda, na kufikia mwezi wa sita hivi kinga imekwisha. Ndipo vidole vya mikono na miguu vinapovimba kwa mara ya kwanza, mama akidhani mtoto ameng'atwa na mdudu.

Nilitafuta sababu ya lazima ya kuizima. Inayotolewa mara nyingi ni kwamba hemoglobini ya mtu mzima inaachia oksijeni kwa urahisi zaidi kwenye misuli. Ni kweli. Lakini wapo watu ambao kwa urithi F yao haizimiki, inaendelea kwa wingi maisha yote, na ni wazima. Akitokea mwenye S pamoja na urithi huo, F ikiwa karibu asilimia 30 na imeenea kwenye seli zote, anaishi karibu bila dalili. Kwa hiyo swichi ingeweza kuachwa wazi, na kwa wachache imeachwa.

Hapa ndipo nilipobadilika. Jibu ambalo nimekuwa nikiliheshimu kuliko yote ni lile la kanuni: Mungu ameumba ulimwengu unaofuata sheria zisizoyumba, na sheria hizohizo zinazoleta makosa ya kunakili vinasaba ndizo zinazoleta aina zote za viumbe, akiingilia kila mara, hakutakuwa na sayansi, tiba wala jukumu. Bado nadhani linaeleza kwa nini makosa yapo. Lakini kuizima F si kosa la kunakili, ni utaratibu wa kawaida wa kila mwili. Na mwezi Novemba 2023 Uingereza, kisha Desemba Marekani, ziliidhinisha tiba ambayo seli mama za damu hutolewa mwilini, zikahaririwa maabara kwenye sehemu inayoiamrisha BCL11A, uboho wa mgonjwa ukafutwa kwa dawa kali ya kansa, kisha seli zikarudishwa. F inarudi, maumivu yanakoma kwa wengi. Bei yake Marekani ilipoidhinishwa ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, na kufuta uboho si mchezo.

Hakuna sheria ya ulimwengu iliyovunjwa. Binadamu aliye chini ya kanuni zilezile ameifungua swichi.

## Aliweza

Tomaso wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alikubali kwamba Mungu anaweza kufanya kitu bora kuliko kila alichokifanya. Hakuna namba ya mwisho, ukitaja moja kuna kubwa yake. Kwa hiyo kumlaumu kwa kutofanya kilicho bora kabisa hakuna maana. Sawa. Ila mama wa mtoto wa SS hadai ulimwengu bora kabisa. Anadai protini moja ichelewe.

Kwa hiyo kwa swali la "angeweza?" nasema ndiyo, bila kigugumizi, na nadhani muumini ndiye anayepaswa kulisema kwa sauti kubwa zaidi. Anayesema hakuweza ndiye anayempunguzia. Kinachobaki ni "kwa nini hakufanya", na hapo vitabu vitakatifu vyenyewe ni vya tahadhari kuliko wahubiri wake. Katika Qur'ani, Khidhri alimweleza Musa sababu za mambo matatu, akaondoka. Hakuacha kanuni ya kufasiria la nne. Ayubu hakuambiwa sababu hata moja. Waliokuja na sababu ni marafiki zake, na Mungu akawakasirikia wao.

Asiyeamini naye asijipongeze mapema. Maelezo yake ya S, C na F yamekamilika: mabadiliko ya bahati, malaria ikachuja, basi. Lakini ndani ya maelezo hayo hakuna aliyetakiwa kufanya vizuri zaidi, na neno "bora" ambalo amelitumia kumshitaki Mungu linabaki bila mwenyewe.

Kliniki nayo ina utaratibu wake. Mtoto wa SS anaanzishwa penisilini ya kumeza, miligramu 125 mara mbili kwa siku, na 250 akifikisha miaka mitatu. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayoiamsha F kwa kiasi, huanza kwa miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 15 akipewa 20 kwa kilo anahitaji 300, ilhali kidonge kilichozoeleka ni cha 500, na hapo ndipo dozi nyingi zinapoharibika. Picha ya damu hurudiwa mara kwa mara mwanzoni, kwa kuwa dawa inaweza kushusha seli nyeupe. Utafiti uliohusisha watoto wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta maumivu, kuongezewa damu na vifo vimepungua. Waliohofia kwamba dawa ingewaacha wazi kwa malaria walikuta malaria nayo imeshuka kwa karibu nusu.

Bado kuna nyumba ambazo kadi iliyoandikwa SS inafungiwa kabatini kwa ile sentensi ya msibani: Mungu hakosei, tumwachie. Wenye nyumba hizo wakihitaji mwanachuoni, wasimtafute Ghazali. Katika kitabu kilekile cha Ihyaa alichoandikia kwamba hakuna kizuri zaidi kuliko kilichopo, kinachohusu tawakuli, yaani kumtegemea Mungu, amezigawa tiba mafungu matatu: za yakini, kama maji kwa kiu, za dhana yenye nguvu, kama kupiga chuku na dawa za matabibu, na za kudhania tu, kama kuchoma kwa moto. Kuiacha ya fungu la kwanza mtu akihofia kifo, anasema, si tawakuli bali ni haramu. Kuitumia ya pili hakuvunji tawakuli. Haidroksiyurea, kwa ushahidi ulipofikia, haimo kwenye fungu la tatu.